Sigara Saba Zilizobaki: Uchambuzi wa Kisa cha Fundi na Vepu

Fundi ana miaka 58. Alianza kuvuta sigara akiwa na miaka 19, na tangu hapo pakiti moja ya sigara 20 ndiyo imekuwa posho yake ya kila siku. Miezi minne kabla ya kwenda kuomba ushauri, binti yake alimnunulia sigara ya kielektroniki, hii ambayo wengi wanaiita vepu, akamwambia, “Baba, jaribu hii, pengine itakutoa.” Fundi hakubisha. Katika miezi hiyo minne alishuka kutoka sigara 20 hadi 7 kwa siku. Nyumbani walimpongeza, na yeye mwenyewe alijipongeza. Ila kikohozi cha asubuhi hakikupungua hata kidogo, na ngazi zilimkatisha pumzi vilevile.

Swali alilokwenda nalo kwa mshauri lilikuwa hili: “Nimepunguza zaidi ya nusu. Mbona kifua ni kilekile?”

Niseme mapema kwamba Fundi si mtu mmoja unayeweza kumkuta gereji akakusimulia haya. Nimemfuma kutokana na mambo yanayojirudia kwa wavutaji wa siku nyingi wanaojaribu kuachana na sigara kwa kutumia vepu, ili tuyatazame yote mahali pamoja. Tafiti na takwimu ninazotaja humu ni za kweli.

Alikotoka

Mara ya kwanza aliacha ghafla, bila dawa wala msaada. Alikaa wiki na ushee. Akawa mkali kiasi kwamba vijana wake wa gereji ndio waliomsihi arudie sigara ili kazi ziende. Mara ya pili alipewa chingamu ya nikotini. Aliitafuna harakaharaka kama chingamu ya mtoto, huku anateremshia kahawa, akaambulia kwikwi na kiungulia. Chingamu ile haitafunwi hivyo. Hutafunwa taratibu mpaka usikie ukali, kisha hubanwa kati ya shavu na ufizi ili nikotini ipenye kwenye ngozi laini ya mdomo, na vinywaji vyenye asidi kama kahawa huzuia upenyaji huo. Nikotini ukiimeza, sehemu kubwa huvunjwa na ini kabla haijafika popote pa maana. Hakuna aliyemweleza hayo, naye akahitimisha kwamba dawa hazimshiki.

Kuna maswali sita mafupi yanayojulikana kama kipimo cha Fagerström, yanayopima mtu amefungwa na nikotini kiasi gani. Kwa maoni yangu swali moja tu kati ya hayo linatosha kukupa picha: ukiamka, inakuchukua muda gani kuwasha sigara ya kwanza? Fundi aliiwasha kabla ya dakika tano kwisha, akiwa bado ameketi ukingoni mwa kitanda. Alama zake kwa jumla zilikuwa 7 kati ya 10. Huyu si mtu wa kuambiwa ajikaze. Usiku kucha nikotini imekuwa ikishuka mwilini mwake, maana kila baada ya saa mbili hivi hubaki nusu ya iliyokuwepo, na asubuhi anaamka tayari ana arosto.

Kopo la vipisi

Mshauri alimwomba alete vipisi vyote vya siku moja. Alivileta ndani ya kopo la grisi, saba kamili, wala hakudanganya idadi. Lakini vilikuwa vimechomwa hadi kwenye kichungi. Viwili vilikuwa vimeunguza karatasi ya kichungi chenyewe, na ukivitazama kwa upande wa mdomoni, pamba ilikuwa ya kahawia iliyokolea, karibu nyeusi katikati. Zamani, kwa maelezo yake, alikuwa akivuta nusu, anaiweka pembeni akishika spana, na akirudi anaikuta imejiunguza yenyewe. Sasa hakuna inayojiunguza. Saba zile anazivuta kwa nguvu, anabana moshi ndani, na hapotezi hata tone.

Kisha akapuliza kwenye kipimo cha pumzi, kile kinachosoma kaboni monoksidi, gesi inayotoka kwenye kitu chochote kinachoungua na ambayo hung’ang’ania damu pale ambapo oksijeni ingepaswa kukaa. Mtu asiyevuta kwa kawaida husoma chini ya 10, mara nyingi chini ya 6. Mvutaji wa pakiti moja mara nyingi hupita 20. Fundi, kwa sigara zake saba, alisoma 19.

Hilo ndilo jibu la swali lake, ingawa hakulipenda. Kwa hesabu ya vipisi alikuwa amepunguza theluthi mbili, lakini kwa hesabu ya moshi ulioingia kifuani alikuwa amepunguza kidogo sana. Mwili uliozoea kiwango fulani cha nikotini hukitafuta popote kilipo. Ukiupa sigara chache, utazikamua hadi mwisho.

Na hata kama angezivuta kwa upole, moyo hauhesabu hivyo. Mwaka 2018 jarida la BMJ lilichapisha uchambuzi uliojumlisha tafiti 141 kuhusu watu wanaovuta kidogo. Mwanamume anayevuta sigara moja tu kwa siku alionekana kubeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo anayoibeba mwenzake wa sigara 20. Wengi hudhani ukitoka 20 hadi 7 umeshapita zaidi ya nusu ya safari, kumbe kwa upande wa moyo sehemu kubwa ya safari iko kati ya sigara ya mwisho na sifuri. Ndiyo maana sioni ushindi katika kuvuta vyote viwili, sigara na vepu, kwa miezi. Kwa wiki chache za kujifunza, sawa. Ikigeuka kuwa mtindo wa maisha, mtu amejiongezea kifaa tu.

Kwa nini vepu haikumtosha

Hapa ndipo wengi hukimbilia kusema vepu haifanyi kazi. Mimi nadhani haikupewa nafasi ya kufanya kazi.

Kifaa chake kilikuwa kijiti chembamba chenye betri ndogo, koili, na tangi la kimiminika. Kimiminika hicho, ambacho watumiaji wanakiita juisi, hutengenezwa kwa propilini glaikoli, gliserini, ladha na nikotini. Koili inapopata moto hugeuza juisi kuwa ukungu, na hakuna kinachoungua, kwa hiyo hakuna lami, ule uchafu mweusi unaonata wa moshi, wala kaboni monoksidi ya kutia wasiwasi. Daktari wa magonjwa ya akili Michael Russell wa Uingereza alishaandika mwaka 1976 kwamba watu huvuta kwa ajili ya nikotini lakini kinachowaua ni lami. Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, na zisizopungua 70 kati yake zinajulikana kusababisha saratani. Vepu nayo si hewa safi, ina vitu vyake, lakini orodha yake ni fupi sana ukiilinganisha na ile.

Juisi ya Fundi ilikuwa na miligramu 3 za nikotini kwa kila mililita. Muuzaji alimwambia, “Mzee, usianze na kali, utaizoea.” Maneno ya nia njema hayo, lakini kwa mtu wa alama 7 kati ya 10 ni kumtuma vitani na fimbo. Tupige hesabu. Sigara moja humwachia mvutaji takriban miligramu 1 hadi 1.5 za nikotini kwenye damu, kwa hiyo pakiti nzima ni kama 20 hadi 30 kwa siku. Yeye alikuwa anamaliza mililita 2 za juisi kwa siku, yaani miligramu 6 kwa jumla, na si zote hizo zinazofika kwenye damu. Pengo lililobaki lilizibwa na sigara saba.

Tena aliivuta vepu kama anavyovuta sigara: kwa haraka, kwa nguvu, sekunde moja na nusu kisha basi. Sigara inaendelea kuwaka yenyewe, lakini koili inahitaji kuvutwa taratibu, sekunde tatu au nne, ndipo ukungu wa kutosha utoke. Wanaoanza huchukua siku kadhaa au hata wiki kabla hawajajua kuikamata, na ukiwapima damu mwanzoni na baadaye, utakuta wazoefu wanapata nikotini nyingi zaidi kutoka kifaa kilekile.

Linganisha na utafiti ulioipa vepu jina. Timu ya Peter Hajek wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, ilichapisha mwaka 2019 matokeo ya wavutaji 886 waliogawanywa kwa kura: nusu wapewe vepu, nusu wapewe plasta ya kubandika kwenye ngozi, chingamu na dawa nyingine za nikotini za kuchagua. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 18 ya kundi la vepu walikuwa wameacha sigara, dhidi ya asilimia 9.9 ya kundi la pili. Namba hizo hunukuliwa kila mahali. Kinachosahaulika ni kwamba chupa waliyoanzia watu wale ilikuwa ya miligramu 18 kwa mililita, mara sita ya ile ya Fundi, na kila mmoja alikuwa anakutana na mshauri kila wiki kwa wiki nne za mwanzo. Halafu walikubaliana tarehe ya kuacha. Fundi hakupata hata kimoja katika hivyo. Kumlinganisha na asilimia 18 ni kumwonea.

Na isisahaulike upande wa pili: hata kwa msaada wote ule, zaidi ya watu wanane kati ya kumi walikuwa bado wanavuta baada ya mwaka. Sigara haiachwi kwa urahisi na chochote.

Ujumbe wa simu

Kulikuwa na jambo jingine ambalo Fundi hakulisema mpaka alipoulizwa mara ya pili. Katikati ya ile miezi minne aliitupa vepu kwenye droo kwa wiki mbili, akarudia pakiti nzima. Sababu ilikuwa ujumbe uliosambazwa kwenye simu, wenye picha za mapafu na maneno kwamba vepu imeua watu Marekani. Binti aliyemnunulia kifaa ndiye aliyemtumia, na safari hii alikuwa na hofu: “Baba, naona tumebadilisha moshi kwa moshi.”

Ujumbe haukuwa wa uongo mtupu. Mwaka 2019 Marekani ilikumbwa na wimbi la ugonjwa mkali wa mapafu, na hadi Februari 2020 watu 2,807 walikuwa wamelazwa au kufa, waliofariki wakiwa 68. Kilichoachwa nje ya ujumbe ni chanzo. Wengi wao walikuwa wamevuta mafuta ya bangi ya magendo yaliyochakachuliwa kwa asetati ya vitamini E, kitu ambacho kilikutwa ndani ya mapafu ya wagonjwa. Juisi ya nikotini ya kawaida haina mafuta hayo. Somo lipo, lakini ni hili: usitie kwenye tangi kitu usichojua kimetoka wapi, na usitie mafuta ya aina yoyote. Mtu aliyekimbia kutoka hofu ile akarudi kwenye sigara 20 alikimbia mvua akajificha mtoni.

Kuhusu kauli ya binti, mshauri hakumpuuza, na alifanya vizuri. Vepu za kisasa zilianza na mfamasia wa Kichina Hon Lik mwaka 2003, kwa hiyo hakuna aliyezitumia miaka 40 ambaye tunaweza kumchunguza mapafu. Shirika la Afya Duniani haliziungi mkono kama njia ya kuacha sigara, na linahofia zaidi watoto na vijana ambao hawajawahi kuvuta chochote. Hofu hiyo ni ya haki. Uingereza, kwa upande wake, ilitangaza mwaka 2023 mpango wa kuwapa wavutaji milioni moja vifaa hivi pamoja na ushauri, wakati India iliviharamisha mwaka 2019 na Australia imevihamishia kwenye maduka ya dawa. Serikali zinatazama ushahidi mmoja na kuamua tofauti, kwa sababu moja inamtazama zaidi mvutaji wa miaka 58 na nyingine inamtazama zaidi mwanafunzi wa miaka 15. Kisa hiki ni cha mtu wa miaka 58. Binti angekuwa yeye ndiye anayeuliza kama aanze kuvuta, jibu lingekuwa hapana, bila mjadala.

Fundi mwenyewe alilimaliza kwa namna yake: “Nusu shari, mwanangu.”

Mpango mpya

Alipewa kwanza nafasi ya kuchagua njia nyingine. Varenikilini, kidonge kinachokaa kwenye vipokezi vya nikotini ubongoni, ni chaguo zuri: utafiti wa Finland uliochapishwa mwaka 2024 ulikuta vepu na varenikilini zikikaribiana sana baada ya wiki 26, kiasi cha asilimia 40 na 44 wakiwa wameacha, ilhali waliopewa kidonge bandia na vepu isiyo na nikotini walikuwa asilimia 20. Mahali ambapo vepu ni marufuku, hapo ndipo pa kuanzia, au kwenye plasta ikiambatana na chingamu. Fundi alisema mikono yake inataka kushika kitu. Nadhani sababu hiyo haipaswi kudharauliwa. Mtu aliyepeleka mkono mdomoni zaidi ya mara 200 kwa siku kwa karibu miaka 40 hana tatizo la kemia peke yake.

Juisi ikabadilishwa kuwa ya miligramu 20 kwa mililita, ambacho ndicho kiwango cha juu kinachoruhusiwa katika nchi za Umoja wa Ulaya, ya aina ya chumvi ya nikotini kwa sababu haikwaruzi koo hata ikiwa kali. Kwa ajili ya asubuhi akaongezewa plasta ya miligramu 21 ya kukaa nayo usiku kucha, ili asiamke mkavu, na vepu iliyojaa chaji ikawekwa pale ilipokuwa inakaa pakiti, kando ya kitanda. Plasta inamshikia msingi, vepu inakata kiu inapopanda. Kisha ikapangwa tarehe, na kuanzia asubuhi ya tarehe hiyo hakuna sigara hata moja. Saba hazikupunguzwa kwenda tano kwenda tatu. Zilikatwa zote siku moja.

Kwenye kifaa chenyewe alikuwa mwanafunzi mzuri kuliko wengi, maana koili ni neno lake la kila siku. Alieleweshwa kwamba koili mpya inalowekwa kwanza: unadondosha juisi kwenye pamba yake, unajaza tangi, unasubiri kama dakika kumi. Ukiiwasha ikiwa kavu pamba inaungua, mdomo unajaa ladha ya kitu kilichochomeka, na kwenye joto hilo gliserini huanza kuzaa fomaldehaidi. Ladha ya kuungua maana yake acha, badilisha koili, wala usivumilie. Wapo wanaovumilia kwa sababu koili ni mpya na inauma kuitupa.

Halafu likagundulika jambo lililomshtua mshauri kuliko vipisi. Fundi alitoa mfukoni mwa ovaroli betri ya akiba, ile ya lithiamu inayochomolewa, ikiwa imechanganyika na nati, funguo na sarafu. Chuma kikigusa ncha zote mbili za betri ya aina hiyo, umeme unapita njia ya mkato, betri inachemka na inaweza kulipuka ikiwa mfukoni. Wapo watu walioungua mapaja hivyo. Alipewa kikasha cha plastiki cha betri, akatazama mkono wake, akacheka, “Mimi nawakataza vijana kuweka spana juu ya betri ya gari.” Chupa ya juisi nayo ikahamishiwa kabati la juu lenye kufuli, kwa sababu nyumbani kuna mjukuu, na nikotini ya majimaji ni sumu kwa mtoto hata ikiwa kidogo. Pia hakuna kuvuta vepu palipo na mvuke wa petroli. Hilo halikuhitaji maelezo.

Siku ya sita

Siku tano za mwanzo zilikwenda kwa shida ya kawaida: hasira, usingizi wa mang’amung’amu, njaa isiyoisha. Siku ya sita alipiga simu akisema moyo unamwenda mbio tangu asubuhi, mikono inatetemeka, na usiku hakulala. Alikuwa na uhakika wa chanzo: “Hii juisi mpya ni kali mno. Naishusha.”

Lingekuwa kosa la kuharibu kila kitu, na lingeonekana la busara kabisa. Nikotini ikizidi, kwa kawaida hujisema mara moja: kichefuchefu, kizunguzungu, kichwa, mate, muda mfupi baada ya kuvuta, kisha hupungua mtu akipumzika. Ya Fundi hayakufuata vepu. Yalikuwepo siku nzima, alipovuta na asipovuta.

Moshi wa sigara una kemikali zinazolisukuma ini litengeneze kwa wingi kimeng’enya kinachovunja kafeini. Kinachosukuma ni moshi, si nikotini, kwa hiyo plasta na vepu hazifanyi hivyo. Mvutaji anaweza kunywa kahawa nyingi bila kuisikia kwa sababu ini lake linaisafisha upesi. Akiacha, ndani ya siku chache ini linarudi kwenye mwendo wa kawaida, na kahawa ileile inakaa mwilini muda mrefu zaidi. Fundi alikuwa mtu wa vikombe sita. Kikombe cha sita cha zamani na kikombe cha sita cha wiki hii havikuwa kitu kimoja.

Lakini kwake kulikuwa na zaidi ya kahawa. Kwa ajili ya kifua alikuwa anameza theofilini, dawa ya zamani ya kupanua njia za hewa, nayo huvunjwa na kimeng’enya hichohicho. Tofauti kati ya dozi yake inayotibu na inayodhuru ni ndogo: ikipanda kupita kiasi moyo hupoteza mpangilio, hata degedege huweza kutokea. Kwa mtu anayeacha sigara, madaktari mara nyingi huipunguza kwa robo hadi theluthi ndani ya wiki ya kwanza na kupima damu. Daktari wake alikuwa ameshaarifiwa tarehe ya kuacha, kipimo cha damu kilikuwa kimepangwa siku ya saba, kikasogezwa kikafanyika siku hiyohiyo. Kiwango kilikuwa kimepanda. Dozi ikashushwa, kahawa ikawa vikombe viwili, vyote kabla ya mchana, na juisi ikabaki palepale kwenye 20. Ndani ya siku nne mtetemo ulikwisha.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa makusudi. Watu wanaotumia klozapini au olanzapini kwa magonjwa ya akili wako kwenye njia hiyohiyo, na wengi wao ni wavutaji wakubwa. Mtu wa namna hiyo akiamua kuacha, kwa vepu au kwa njia yoyote, anayemwandikia dawa ajue kabla. Wauzaji wa vifaa hawaulizi, na washauri wengi hawakumbuki.

Yaliyofuata

Kikohozi kiliongezeka wiki mbili za mwanzo kabla hakijapungua. Vinyweleo vidogo vya njia ya hewa, vilivyokuwa vimelemazwa na moshi, vinapoamka huanza kufagia makohozi. Alikuwa ameonywa, hakutishika. Wiki ya tatu alivuta sigara moja kwenye kazi ya usiku, na asubuhi akaendelea na plasta na vepu kama kawaida. Hakuna aliyeifanya kuwa msiba. Wiki ya nne alisoma 3 kwenye kipimo cha pumzi. Aliomba apulize tena, akidhani mashine imeharibika.

Uzito umeongezeka kilo nne. Ngazi anapanda bila kusimama katikati. Mapafu yaliyokwisha kuharibika hayajarudi kuwa ya kijana, na theofilini bado anaimeza, ila kwa dozi ndogo. Aliuliza kama si kuchelewa kwa umri wake. Utafiti wa madaktari wa Uingereza ulioanzishwa na Richard Doll na Austin Bradford Hill mwaka 1951, na kufuatiliwa miaka 50, ulikuta kwamba anayeacha karibu na miaka 60 huongeza takriban miaka 3 ya kuishi akilinganishwa na anayeendelea. Anayeacha kwenye 50 huongeza kama 6. Akasema mitatu si haba.

Mwaka mmoja umepita na vepu bado ipo mkononi. Hapa binti na baba hawajakubaliana, na sidhani kama mmoja wao anakosea. Kwenye ule utafiti wa Hajek, watu wanane kati ya kumi walioacha sigara kwa vepu walikuwa bado wanaitumia baada ya mwaka, wakati waliotumia plasta na chingamu waliobaki nazo hawakufika mmoja kati ya kumi. Utafiti wa Uswisi wa mwaka 2024 ulionyesha picha hiyohiyo kwa namna nyingine: kundi lililopewa vepu liliacha sigara zaidi, asilimia 28.9 dhidi ya 16.3, lakini walioachana na nikotini yenyewe walikuwa wengi zaidi kwenye kundi lisilopewa, 33.7 dhidi ya 20.1. Vepu ni hodari wa kumtoa mtu kwenye moshi. Kumtoa kwenye nikotini si kazi inayoiweza vizuri, na anayeichukua aambiwe hivyo siku ya kwanza.

Msimamo wangu kwa mtu kama Fundi ni kwamba hakuna haraka. Plasta aliiacha mwezi wa tatu. Juisi imeshuka kutoka 20 hadi 10, kwa hatua, kila hatua ikikaa miezi. Alipojaribu 6 alianza kuitafuta sigara ya vijana kwa macho, akarudi 10 wiki hiyohiyo, na ndicho alichopaswa kufanya. Kushuka kutasubiri. Walichokubaliana na binti ni kwamba vepu haivutwi ndani ya nyumba wala mbele ya mjukuu.

Kitu kimoja alikuwa karibu kukiacha kwa kuwa sasa “si mvutaji”. Pakiti moja kwa siku kwa miaka 39 ni mzigo ambao hauondoki na sigara ya mwisho. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2021, kwa mfano, unapendekeza picha ya CT ya mapafu yenye mionzi midogo, ya kutafuta saratani, kila mwaka kwa watu wa miaka 50 hadi 80 waliovuta kiasi cha pakiti moja kwa siku kwa miaka 20 au zaidi, na hata kwa walioacha ndani ya miaka 15 iliyopita. Daktari alimwandikia. Picha ya kwanza haikuonyesha uvimbe wowote, na ya pili imepangwa mwakani.